Kuinua saspensheni: kinachopanda na kisichopanda

Kuinua saspensheni ni kuongeza umbali kati ya chesisi na ekseli za gari kwa kufunga springi ndefu zaidi na shokapu zinazolingana nazo, kisha kurekebisha viungo vyote ambavyo kimo hicho kipya kimevibadilisha pembe. Watu wengi huishia kwenye springi. Ile kazi ya pili ndiyo inayoamua kama gari litatulia barabarani au litamsumbua dereva kila siku.

Isichanganywe na kuinua bodi. Huko huwekwa vipande vya kutenganisha bodi na chesisi. Nafasi ya tairi huongezeka, lakini chesisi na giaboksi hubaki kwenye kimo kilekile, na jiwe lililokuwa likigonga chini litaendelea kugonga.

Faida kubwa ya kuinua saspensheni ni pembe. Gari hukabili ukingo mkali bila bampa ya mbele kugusa, hushuka upande wa pili bila kuburuza mkia, na huvuka tuta bila kukalia tumbo. Shokapu ndefu zikifungwa vizuri, magurudumu nayo hupata mwendo mrefu wa juu na chini, hivyo tairi hubaki limekanyaga ardhi pale ambapo lingening'inia.

Difu, yaani lile bonge la gia kwenye ekseli, haipandi hata kidogo kwa gari lenye ekseli nzima, ile moja ngumu inayounganisha magurudumu mawili. Yenyewe hukaa usawa wa kitovu cha gurudumu, na urefu wake kutoka ardhini huamuliwa na tairi peke yake. Ukitoka tairi la inchi 31 kwenda la inchi 33, difu hupanda inchi moja tu, kama milimita 25. Anayegongesha difu kwenye mawe anahitaji tairi kubwa; springi zitamsaidia tu kupata mahali pa kulizungusha bila kukwaruza bodi. Akumbuke pia kwamba kwa badiliko hilo spidomita itaonyesha 100 wakati gari liko karibu 106.

Springi huchaguliwa kwa uzito, si kwa kimo peke yake. Springi iliyotengenezwa kubeba kilo 300 za kudumu, ikifungwa kwenye gari tupu, huliinua kupita kiasi na kulifanya gumu. Gurudumu linarukaruka badala ya kufuata shimo. Kwa hiyo anza kwa kujumlisha vitu vinavyokaa garini siku zote: bampa ya chuma, winchi, tangi la ziada, vifaa vya safari. Shokapu nazo zina urefu wa aina mbili, zikiwa zimefunguka na zikiwa zimefunga. Ikiwa fupi mno, shokapu itabeba uzito wa ekseli gurudumu linaponing'inia. Ikiwa ndefu mno, itafika mwisho kabla ekseli haijagusa mpira wa kikomo, na hapo huvunjika yenyewe au hung'oa mahali iliposhikwa.

Jambo ninalotaka lieleweke zaidi ni kasta, yaani mwinamo wa kuelekea nyuma wa ule mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Mwinamo huo ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona. Kwenye magari yenye ekseli nzima mbele inayoshikiliwa na mikono miwili mirefu, chesisi ikipanda mikono huteremka kwa pembe na ekseli huzunguka kidogo pamoja nayo. Kwa makadirio ya mafundi, kila inchi ya kuinua hupunguza kasta kwa kama digrii moja. Matokeo ni gari linaloyumba kwenye mwendo kasi, na usukani unaobaki pale ulipouacha. Dawa yake ni bushi (mipira ya kwenye maungio) zenye tundu lisilo katikati au vishikio vinavyoshusha mikono hiyo. Usukani usiojirudi si "tabia ya gari refu". Ni kazi iliyoachwa nusu.

Fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni nayo huivuta upande mmoja kimo kinapoongezeka, ndiyo maana wengi huweka ile inayorekebishika urefu. Magari ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea yana mpaka wa karibu zaidi: shafti za mbele hulala kwa pembe kali, na sivi jointi, yaani viungo vya shafti hizo vinavyojikunja, pamoja na mabuti yake ya mpira ya kuvifunika, huchakaa mapema. Kwa mengi ya aina hiyo, ukizidi milimita 50 hivi unahitaji kuishusha difu ya mbele kwa vishikio maalumu. Milimita 50 kwa kweli zinawatosha madereva walio wengi. Kila kinachozidi hapo hupandisha uzito juu, na gari hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye mteremko wa ubavuni.

Breki zisisahaulike. Mipira yake ya kupitisha mafuta isivutike gurudumu linapoteremka hadi mwisho. Magari mengi ya kazi yana valvu ya nyuma inayopima mzigo kwa kuangalia kimo: gari likiinuliwa, valvu hudhani halina mzigo na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Kishikio chake lazima kisogezwe kulingana na kimo kipya.

Wakati wa kufunga, bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hujishika ukiwa umenyongwa, na gari likishushwa huanza kuchanika. Kabla ya kazi na baada yake, pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, kwenye sakafu iliyo sawa. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kimo halisi ulichopata. Kisha fanya alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, shusha mwanga wa taa za mbele, na baada ya kilomita mia kadhaa kaza tena bolti zote, hasa zile zinazoibana springi ya bapa kwenye ekseli.