Kinga ya Meno Michezoni: Maswali na Majibu

Kinga ya meno hufanya kazi gani hasa?

Kiwiko, ngumi au kipira cha hoki kikitua mdomoni, nguvu karibu yote huishia kwenye jino moja au mawili ya mbele. Kinga, yaani kifuniko cha plastiki kinachovaliwa kwenye meno, huisambaza nguvu hiyo kwenye meno mengi, hubonyea kidogo ili pigo lipungue makali, na huzuia midomo isikatwe na meno yenyewe. Isichoweza kuahidi ni kuzuia mtikisiko wa ubongo. Mchezaji aliyegongwa kichwani akapata kizunguzungu, kichefuchefu au akasahau kilichotokea atolewe uwanjani na asirudi siku hiyo, hata kama kinga ilikuwa mdomoni.

Nichague ipi?

Ziko za aina tatu. Ile iliyo tayari kuvaliwa hushikiliwa kwa kuuma tu. Ukifungua mdomo inadondoka, na kupumua kunakuwa taabu. Hatuipendekezi. Ya pili hulainishwa kwa maji ya moto, kisha ukaing'ata ishike umbo la meno yako. Ya tatu hutengenezwa na daktari wa meno kwa nakala ya meno yako, na ndiyo inayokaa vizuri kuliko zote. Katika hiyo, plastiki huachwa na unene wa takriban milimita 3 mbele ya meno na 2 hivi kati ya magego. Unene ndio kinga. Ukipungua, umebaki na ganda tu.

Ile ya maji ya moto naitengenezaje?

Soma kwanza maelekezo ya pakiti, kwa kuwa muda hutofautiana. Piga mswaki, kisha ijaribu ikiwa bado baridi. Ikikuchefua nyuma, punguza ncha zake kwa mkasi kidogo kidogo, lakini iendelee kufunika angalau gego la kwanza kila upande.

Chemsha maji, yaepue, subiri mchemko utulie. Izamishe kwa kijiko chenye matundu kwa muda ulioandikwa, mara nyingi sekunde 30 hivi. Itoe, ichovye kwenye maji baridi sekunde moja au mbili isikuunguze ufizi, kisha ivae kwenye meno ya juu, katikati yake ikilingana na mwanya wa meno mawili ya mbele. Isukume juu kwa vidole gumba. Uma taratibu, fyonza kama unayevuta maji kwa mrija, ulimi ukisukuma kaakaa, huku vidole vikikandamiza midomo na mashavu kwa nje. Hesabu hadi 20, kisha itie kwenye maji baridi dakika moja.

Sasa achama. Ikidondoka, haijashika.

Watu hukosea wapi?

Kwenye kuuma. Plastiki ikiwa laini, mtu huing'ata kwa nguvu zote akidhani ndivyo itakavyoshika. Iinue uitazame dhidi ya mwanga: pale magego yalipozama utaona doa linalong'aa, jembamba kama utando. Hapo taya la chini likipigwa, meno yatagongana karibu kama hakuna kitu. Kuichemsha upya mara kwa mara hakuponyi. Kila mara inazidi kuwa nyembamba na kingo zinajikunja. Nunua nyingine. Na usiitafune ukiwa benchi.

Nimevaa nyaya za kunyoosha meno, je?

Usitumie ya kawaida ya kuchemsha. Plastiki huingia kwenye nyaya na kuyabana meno yanayotakiwa kusogea. Daktari anayekuhudumia atakupa inayofaa. Watoto wanaoota meno mapya nao wakaguliwe kila baada ya miezi michache, maana kinga hubana upesi.

Zile zenye vihisio zina faida gani?

Taya la juu limeshikamana na fuvu, hivyo kinga iliyobana vizuri hutikisika pamoja na kichwa. Vihisio vilivyomo hupima ukali wa mtikiso na kumpelekea daktari ishara kandokando ya uwanja. World Rugby, chombo kinachosimamia raga duniani, ilianza kuzitumia katika ukaguzi wa majeraha ya kichwa kwenye raga ya ngazi ya juu mwaka 2024. Ikilegea, vipimo vyake havina maana.

Niisafishe vipi?

Suuza kwa maji baridi kabla na baada ya kuvaa, isugue kwa mswaki, ihifadhi ikiwa kavu kwenye kikasha chenye matundu. Jua na gari lililofungwa huipinda.

Jino likitoka zima licha ya kinga?

Lishike kwenye sehemu nyeupe, usiguse mzizi wala kuusugua. Likiwa chafu, lisuuze kwa maziwa au maji safi kwa sekunde chache. Kama ni jino la ukubwani, lirudishe palepale kwenye tundu lake, likitazama upande wake, na ung'ate kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa, usiliache likauke. Jino la utoto halirudishwi. Fika kwa daktari wa meno ndani ya saa moja, ukiweza ndani ya nusu saa, kwani chembe hai zilizo kwenye mzizi hufa haraka zikikauka.