Hakijafichwa kitu: dhana potofu kuhusu vichochoro na vibanda vya chakula vya Kisumu

Mgeni akishuka Kisumu huambiwa mambo mawili. La kwanza, aende ufuoni akale samaki. La pili, asipite nyuma ya maduka. Nimeishi humu mjini miaka ya kutosha kusikia maneno hayo yote yakitoka kinywani mwa mtu mmoja, na saa saba mchana nikamwona mtu huyohuyo akipotea nyuma ya maduka, akarudi nusu saa baadaye anachokonoa meno.

"Penye chakula kizuri pamefichwa, bila mwenyeji hupaoni"

Kilichofichwa ni bango tu, tena mara nyingi hata si kufichwa, ni kwamba halikuwahi kuwapo. Kibanda hakina jina. Kinaitwa kwa mwenyewe, na mwenyewe naye haitwi kwa jina lake: huitwa Mama fulani kwa mtoto wake, au kwa kwao alikozaliwa, nyar Seme (binti wa Seme), nyar Ugenya, nyar Alego. Ndiyo maana ukiuliza "mkahawa mzuri uko wapi?" unaelekezwa kwenye viti vya ngozi, lakini ukimuuliza mwendesha bodaboda "wewe unakula wapi?" anakupakia bila kukuuliza mara ya pili. Na ujue kwamba hapa kwetu hoteli ni mahali pa kula. Aliyekwambia "twende hoteli" hana mpango wa kukulaza.

Wazee wa hapa hulihusisha jina la Kisumu na neno la Kijaluo kisuma, yaani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali, hasa wakati wa njaa. Kabla reli haijafika Desemba 1901 na Waingereza kupaita Port Florence, watu walikuwa wakishuka hapa na walichonacho ili warudi na cha kula. Makarani, makanga, mafundi wa viatu na wauza mitumba wanaoingia vichochoroni saa saba hawajui kwamba wanaendeleza jambo la zamani, lakini wanaliendeleza.

"Vichochoro ni vya wezi na takataka"

Hapa pana ukweli kidogo, na ni ukweli wa kihistoria. Miji mingi ya Kenya iliyopangwa enzi za ukoloni iliachiwa njia nyembamba nyuma ya majengo ya maduka. Hazikuwekwa kwa ajili ya wateja. Choo kilikuwa ndoo, na ndoo ilihitaji mtu wa kuizoa kwa kupitia mlango wa nyuma, mwenye duka na mteja wake wasimwone. Mabomba ya majitaka yalipokuja, mzoa ndoo akaondoka, njia ikabaki. Njia tupu katikati ya mji haikai tupu: kwanza alikuja fundi cherehani, kisha mwenye birika la chai, kisha mama mwenye jiko.

Kwa hiyo ndiyo, ziko zinazonuka, na saa mbili usiku duka likishafungwa mimi mwenyewe sipiti. Lakini saa sita hadi saa tisa mchana, kichochoro chenye sufuria nne zinazochemka kina macho mengi kuliko barabara ya Oginga Odinga. Mama hatakubali mteja wake aporwe simu kwenye benchi lake, maana kesho benchi litakuwa tupu. Nyalenda, Manyatta na Obunga ni vivyo hivyo: ni makazi ya watu, kuna mchana wake na kuna usiku wake. Isipokuwa siku ya maandamano. Siku hiyo Kondele si pa kwenda kutafutia chapati, usidanganywe na mtu.

"Samaki wa Kisumu ni ngege, wa asili, katoka ziwani leo"

Sentensi moja, makosa matatu. Hili nitakaa nalo.

Ngege wa asili wa Ziwa Viktoria, samaki wa jamii ya perege (tilapia) aliyelisha mababu zetu, karibu ametoweka katika ziwa lenyewe. Ukitaka kumwona aliko bado, nenda Ziwa Kanyaboli kule Siaya, ziwa dogo lililozungukwa na mafunjo ambalo limemhifadhi. Anayewekwa mbele yako Kisumu, yule mnene mwenye mistari mkiani, ni aina nyingine iliyoingizwa ziwani miaka ya 1950. Wavuvi wanamjua, wanamwita nyamami. Sisi walaji tumemrithisha jina la marehemu. Miaka hiyohiyo ndiyo aliyoletwa mbuta, samaki anayeweza kufika kilo 200, na yeye akawala wenyeji wengi wa ziwa hilo. Kwa hiyo sahani tunayoiita ya asili ina umri mdogo kuliko nyumba nyingi za barabara ya Oginga Odinga.

Na kutoka ziwani leo? Pengine. Wapo wanaovuliwa usiku na kufika ufuo wa Dunga alfajiri, wakanunuliwa na akina mama palepale mchangani. Wapo wanaofugwa kwenye vizimba vya nyavu ndani ya ziwa, ambao wameongezeka sana miaka ya karibuni. Na wapo waliotoka China, wamegandishwa, wamepangwa kwenye katoni kwa saizi, wote wanalingana kama matofali. Ndiyo, mtu hukaa umbali wa kutupa jiwe kutoka Ziwa Viktoria akala samaki aliyevuka bahari. Si sumu. Kosa ni kuuziwa kwa jina lisilo lake.

Dawa ni kumchagua akiwa mbichi. Kibanda kinachojiheshimu kina beseni la samaki mbele. Jicho liwe limejaa na linang'aa, si lililozama na kuwa jeupe. Fungua matamvua, yawe mekundu. Bonyeza ubavu kwa kidole, nyama irudi. Halafu taja bei kabla hajaingia mafutani, maana samaki huuzwa kwa ukubwa, na ukubwa ni jambo la kubishaniwa. Ukinyoosha kidole baada ya kula utalipa bei ya aliyekwisha kula.

"Mgongo wazi ni makombo ya kiwandani"

Siku ya kwanza kupelekwa Obunga nilijifanya nimeshiba. Mbele yangu palikuwa na karai jeusi juu ya mafiga, mafuta yanaruka, na ndani yake vichwa vikubwa vya samaki vikiwa vimeungana na uti wa mgongo mtupu hadi mkiani. Ukimtazama unaona kwa nini alipewa jina hilo: mgongo uko wazi kweli.

Mambo ni haya. Viwanda vya hapa huchukua mbuta, vikakata minofu miwili ya ubavuni, na minofu hiyo ikasafirishwa nje, Ulaya ikiwamo. Kibofu chake cha hewa huuzwa peke yake, na kwa kilo bei yake hushinda nyama mbali sana, kwa sababu Wachina wanakipenda. Kinachobaki ni kichwa, mifupa na mkia. Akina mama hununua hayo, wakayaosha, wakayapaka chumvi, wakayakaanga au kuyabanika kwa moshi, na ndiyo yaliyolisha familia nyingi ambazo haziwezi tena kununua samaki mzima wa ziwa lao. Hapo nakubaliana na anayelalamika. Minofu kupanda ndege na mifupa kubaki nyumbani ni jambo la kuuliza maswali.

Lakini makombo si. Kisu cha kiwandani kinafuata mstari ulionyooka, na samaki hana mistari iliyonyooka. Nyuma ya kichwa, penye bega, hubaki pande la nyama. Chini ya jicho kuna shavu, tonge mbili laini zenye mafuta, ambazo wenzangu walikuwa wakizichomoa kwa kidole gumba bila kutazama huku wakiongea mambo ya mpira. Kijana aliyekuwa kando yangu aliniona nikihangaika na mfupa akanihurumia: "Wewe, ndugu, unaanzia mkiani. Anzia kichwani ndiyo ujue umekula nini." Nilirudi wiki iliyofuata bila kupelekwa.

"Penye vigae ndipo pasafi"

Nitasema langu. Mwaka juzi nilikesha na beseni kando ya kitanda baada ya kula katika hoteli moja ya mjini yenye vioo na kiyoyozi, chakula cha kujipakulia. Wali ulikuwa vuguvugu, na nilipouliza nikaambiwa umepikwa asubuhi. Sina karatasi ya maabara, lakini wali uliolala katika uvuguvugu ni maskani mashuhuri ya vijidudu, na sumu ambayo baadhi yao huacha haiondoki hata ukiupasha moto upya. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzijoto 60 hadi kinapoliwa. Samaki anayetoka kwenye mafuta yanayochemka mbele ya macho yako amepita hapo kitambo.

Kwa hiyo kibandani usitazame ukuta. Tazama maji: ya kunawa yanamiminwa kutoka kwenye jagi au kwenye mtungi wenye bomba, au wote mnachovya mikono katika beseni moja? Tazama kasi: sufuria inayokwisha saa nane ni salama kuliko inayongoja hadi jioni. Mimi siogopi samaki, naogopa kachumbari, kwa sababu nyanya na vitunguu havipiti motoni, vinategemea maji yaliyoviosha. Sheria pia inamtaka kila anayeshika chakula cha kuuza apimwe afya na kupata cheti kila miezi 6. Ukimwuliza mama kwa upole, mwenye nacho atakuonyesha kwa fahari, kimefungwa kwa nailoni kisiingie mafuta. Asiye nacho atabadilisha mazungumzo.

"Ni samaki na ugali, basi"

Anayesema hivi hajaingia Kaloleni jioni ya Ramadhani, mtaa ambao Waislamu wengi wa mji huu wanaishi, ambapo viazi karai na mahamri huwahi kuisha kabla hujapata nafasi ya kusimama. Wala hajapita karibu na maduka ya Wahindi waliofuata reli, walioufundisha mji mzima kula bajia na kushushia kwa chai ya tangawizi. Jumapili, soko la Kibuye likifurika, utakuta chakula cha Waluhya, cha Wakisii na cha Wajaluo kwenye mstari mmoja wa mabenchi.

Na hata katika upishi wa Kijaluo wenyewe, uliza aliya, nyama iliyokaushwa juani kisha ikapikwa taratibu hadi mchuzi uwe mzito. Uliza kuon, yaani ugali, ya mtama na muhogo, ya rangi ya udongo, inayokaa tumboni hadi usiku. Wanaosema mboga za kienyeji ni chungu wamezila kwa mtu mwenye haraka. Osuga (mnavu) na akeyo (mgagani) hupikwa leo, zikatiwa maziwa, zikarudishwa motoni kesho na hata kesho kutwa, na kila zikirudi uchungu unapungua. Mama akikwambia mboga yake ni ya juzi, anajisifu.

"Kisicho kwenye ramani ya simu hakipo"

Na kilichopo kwenye ramani huenda hakipo pia. Lwang'ni, ule mstari wa vibanda vya samaki kando ya maji ambao kila mgeni alipelekwa, ulibomolewa bandari ilipofufuliwa, na wapishi wake wakatawanyika. Bado nakutana na watu wameshika simu wakiutafuta. Kibanda huhama. Ukimpoteza mpishi, fuata wateja wake.

"Omena ipo mwaka mzima"

Ukisimama ufuoni usiku usio na mbalamwezi utaona taa nyingi mbali majini, kama mji mwingine ng'ambo. Ni wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, wanaoivuta kwa mwanga. Kati ya Aprili 1 na Julai 31 taa hizo huzimika upande wa Kenya, kwa sababu uvuvi wa omena hupigwa marufuku ili izaane. Bei hupanda, na inayouzwa ni akiba au imetoka kwingine.

Mei iliyopita nilisahau. Niliketi kwenye benchi la nyar Seme, nikanawa, nikaagiza kama kawaida yangu.

"Mama, nipakulie omena na ugali wa mtama."

Alifunua sufuria, akaitazama, akaifunika tena.

"Hii ni ya stoo, mwanangu. Nimeiosha mara tatu na bado ina mchanga. Leo kula osuga, ile nyingine uje Agosti."