Tovuti ya harusi ni ya mgeni

Juzi mwenyekiti wa kamati moja ya harusi kaniuliza tena, kwa sauti ya mtu aliyeshika kalamu ya kukata bajeti: "Dada, tovuti ya nini wakati grupu la WhatsApp lipo? Au ni kwa ajili ya picha za maharusi?" Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Leo naliandikia, na kuanzia sasa atakayeniuliza nitamtumia linki.

Tatizo ni hiyo imani ya picha. Wengi, wakiwemo wanaonilipa, wanaamini tovuti ya harusi ni ya maharusi: walivyokutana, pete ilivyovishwa, picha kwenye maporomoko ya Materuni, muziki unaojipiga wenyewe ukurasa ukifunguka. Kama ndiyo hiyo, mwenyekiti yuko sahihi, aikate. Ninazotengeneza mimi hapa Arusha na Moshi ni za mgeni: shangazi wa bwana harusi anayetoka Dodoma, rafiki wa chuo anayetoka Nairobi, binamu anayetoka Minnesota na watoto wawili wasiojua Kiswahili. Hao hawatafuti hadithi ya mapenzi. Wanataka kujua wapi, saa ngapi, wanafikaje, wanalala wapi, na wakipotea wampigie nani.

Grupu la kamati lina kazi yake: ahadi, michango, orodha inayobandikwa kila jioni ya nani kamaliza na nani kapunguza. Mgeni kutoka mbali hayumo humo, wala hana sababu ya kusoma nani hajalipa. Hata aliyemo, ujumbe wa ukumbi uliotumwa Jumanne umeshafunikwa na "Hongereni sana" na "Amina". Asubuhi ya harusi anauliza, "Samahani wapendwa, kanisa ni lipi?" Wanamjibu watu watano, na majibu hayafanani.

Sasa tukae kwenye suala la mahali, maana hapa ndipo kazi huharibikia. "Si tumeweka pini ya ramani?" Pini haitoshi, hasa upande wa Kilimanjaro. Barabara za mlimani hupanda na migongo ya mlima, na kati ya mgongo na mgongo kuna korongo na mto. Kwenye simu, kanisa na nyumbani kwa bibi harusi vinaonekana jirani kabisa. Kumbe kwa gari unaweza kulazimika kushuka hadi lami ya chini, uende mbele kidogo, kisha upande upya. Na ramani haijui kila mara kwamba njia fulani ya mkato ni ya miguu au ya pikipiki. Kuanzia Machi hadi Mei, masika yakikolea, hata njia ya gari inaweza kuwa tope tupu, na mgeni mwenye gari dogo anahitaji kuambiwa mapema.

Kwa hiyo nasisitiza maelekezo ya maneno. "Ukitokea Arusha, ukifika Kwa Sadala ingia kushoto, barabara ya Masama. Ukiona umefika mto Weruweru, umepitiliza, geuza." Sentensi ya pili ndiyo ninayoililia kila mara. Watu huandika namna ya kufika na kusahau kumwambia mgeni atajuaje kwamba amepita. Pini nayo iwekwe kwenye geti linaloingia magari. Mtu wa kamati aende pale, asimame getini, anitumie alipo. Msitafute jina la kijiji mkabandika kile kialama kinachoangukia katikati ya migomba. Na msiandike "kanisani Machame" mkadhani mmemaliza. Andika ni KKKT (Walutheri) au ni Katoliki, ni usharika gani au parokia gani. Mgeni wa mbali hajui, na akiuliza njiani ataelekezwa kwa moyo mweupe kwenye kanisa ambalo siyo.

Ndege nitapita haraka. KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, iko kati ya Arusha na Moshi, na mgeni aitafute kwa herufi JRO. ARK ni uwanja mdogo wa Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha. Harusi ikiwa Moshi na mgeni akashukia Kisongo, ana zaidi ya kilomita 80 mbele yake, pamoja na foleni ya kuvuka mji. Linki ya visa iwe ya Idara ya Uhamiaji, inayoishia na .go.tz, kwa sababu zipo nyingine zinazofanana nayo ambazo kazi yake ni kula hela za watu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, basi mgeni asiifungashe kwenye begi. Na kama harusi ni Juni au Julai huko juu Marangu au Kibosho, wageni wa Dar waambiwe wazi wabebe sweta.

Saa. Hapa huwa napandisha sauti. Ukurasa wa Kiswahili unaandikwa "saa 8 mchana", wa Kiingereza unaandikwa 2:00 PM, na mwenye kujaza anatakiwa kujua yuko kwenye ukurasa upi. Mtu anachukua templeti ya nje, anaandika 8:00 kwa sababu kichwani mwake ni saa nane, na mfumo unachapa 8:00 AM bila kumuuliza. Mgeni wa Uingereza yuko mlangoni mwa kanisa asubuhi, amevaa suti, na anayemkuta ni mfagiaji. Kile kitufe cha kuongeza tukio kwenye kalenda ni kibaya zaidi. Templeti ikiwa imewekwa saa za Marekani, simu ya kila mgeni itageuza muda kufuata alipo, na ibada ya mchana itasomeka kama ya usiku. Weka Africa/Dar_es_Salaam kwenye mpangilio wa saa za eneo, halafu jaribu kwa simu ya mtu aliye Ulaya. Wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi, kwa hiyo msipige hesabu ya kichwa. Maneno "kwa saa za Tanzania" yaandikwe pembeni ya kila muda, hata kama yanaharibu mwonekano.

Kuna jambo la saa ambalo bado linanisumbua. Kadi inasema ukumbini saa 12 jioni, na kila mtu hapa mjini anajua maharusi wataingia saa 2 usiku au baadaye. Mgeni wa nje hajui, na watoto wake watakuwa wamelala kwenye viti kabla ya chakula. Mimi huandika yote mawili: milango inafunguliwa saa ngapi, maharusi wanatarajiwa saa ngapi. Kamati hukasirika, na hoja yao ina uzito: ukiandika saa 2, hata wale ambao wangewahi watachelewa, na ratiba ya MC inazidi kusogea. Nimejaribu kuweka muda halisi kwenye ukurasa wa Kiingereza pekee. Wenyeji wanausoma huo huo na kutumiana. Dawa kamili sijaipata, ila bado naona kumficha mgeni ukweli ni kumkosea.

Sina imani kubwa na fomu ya kuthibitisha kuja pia. Kwetu kiti hufuata mchango na kadi, single (ya mtu mmoja) au double (ya wawili), na kadi ndiyo inayokaguliwa mlangoni. Ukimwekea mtu fomu ya "Utakuja?" atabonyeza ndiyo, kwa sababu kukataa harusi ya mtu kwa maandishi ni kama kumtakia mabaya. Kwa wageni wa nje fomu inasaidia, na huwa naiweka kwao, pamoja na swali la siku wanayofika na kama wanahitaji usafiri kutoka KIA. Kwa wengine wote, kamati ipige simu.

Namba ya mchango isiwekwe kwenye ukurasa. Hili sibishani nalo. Linki ya harusi husambazwa kuliko mnavyodhani, na anayetaka kutapeli anapata majina ya maharusi, picha, tarehe na jina la kamati mahali pamoja. Kinachobaki ni kubadilisha namba na kutuma ujumbe kwa ndugu. Hadithi ya "ile hela tuma kwenye namba hii" sote tunaifahamu. Mhazini atume namba kwa mtu mmoja mmoja, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala. Kwenye tovuti iandikwe kwamba michango haipokelewi kupitia ukurasa huo.

Namba ya kupiga ukipotea iwepo, juu kabisa, na isiwe ya bwana harusi. Siku hiyo simu yake iko kwa msimamizi, na msimamizi yuko kwenye picha. Tafuteni kijana anayeijua njia, mwenye chaji na mwenye subira. Iandikwe kwa +255 bila ile 0 ya mwanzo, ili anayetumia laini ya nje aguse tu na ipige. Ikikaa ndani ya picha ya kadi haigusiki, kwa hiyo kubandika kadi iliyochapwa na kuiita tovuti hakusaidii kitu.

Na picha zenyewe? Wekeni moja, iliyopunguzwa, isiyozidi KB 150. Mgeni aliye kwenye kona ya Masama mtandao unasuasua na bando linaisha. Wengi wataufungua ukurasa mara moja wakiwa na mtandao mzuri, watapiga skrinishoti, na baada ya hapo wataitegemea hiyo skrinishoti. Ndiyo maana naweka mahali, saa na namba ya simu vitoshe kwenye kioo kimoja, na juu yake "Imesasishwa tarehe" fulani. Ukumbi ukibadilika wiki ya mwisho, na hubadilika, skrinishoti ya zamani itaendelea kuzunguka kwenye simu za watu, na hiyo tarehe ndiyo itakayomfanya mgeni aulize.

Harusi ikipita, ukurasa ushushwe ndani ya wiki. Una pini ya nyumbani kwa wazazi, namba za watu na majina ya wageni waliojaza fomu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na hata isingekuwepo, mama wa bibi harusi hakuomba geti lake libaki mtandaoni. Mimi hufuta majibu ya fomu mwenyewe na kumjulisha mwenyekiti kwamba nimefuta. Maharusi wakitaka picha zao zibaki, nawafungulia ukurasa mwingine, na huo wajaze muziki wanaoutaka.