Kabla hujasema Biblia imechakachuliwa

Tangu yaanze kusambaa mitandaoni mabango yanayopanga aya mbili mbili na kuuliza "nani mwongo?", dawati la maswali la maktaba yetu halipumui. Inayoongoza ni Waebrania 1:6, "Na wamsujudu malaika wote wa Mungu." Msomaji hufuata rejeo hadi Kumbukumbu la Torati 32:43, hawaoni malaika, kisha hutuandikia barua kali.

Mwandishi wa Waebrania hakutunga. Maandiko aliyanukuu kwa Kigiriki, katika Septuaginta, tafsiri iliyoanzwa na Wayahudi wa Aleksandria karne ya 3 kabla ya Kristo. Humo wito wa kusujudu umo, na malaika wa Mungu wanatajwa papo hapo. Agano la Kale katika Biblia zetu nyingi hufuata maandishi ya Kiebrania ya Wamasoreti, wanazuoni wa Kiyahudi walioyanakili na kuyahifadhi, ambayo wito huo hayana. Mwaka 1952 likagunduliwa pango la 4 la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, na kipande kimoja cha Kiebrania kilichotoka humo kina wito uleule, ila wanaoitwa wasujudu ni "miungu yote". Kigiriki basi hakikuzua.

Wengine wamerukia upande wa pili: ati Kigiriki ndicho safi, Wayahudi walifuta. Shutuma hiyo ni ya zamani. Yustino Shahidi, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, akijadiliana na Myahudi aitwaye Trifo, alidai Wayahudi wamefuta maneno "toka juu ya mti" (yaani msalaba) katika Zaburi 96:10, panaposema Bwana ametawala. Kiebrania hakina maneno hayo, na nakala kuu za Kigiriki nazo hazina. Kwa kila dalili Wakristo ndio walioyaongeza, na Yustino, kwa nia njema kabisa, aliiamini nakala aliyokuwa nayo.

Sasa utaratibu. Ombi la kulinganisha aya litaje toleo la Biblia, mwaka wa chapa, sura na mstari; picha ya skrini peke yake haipokelewi. Vitabu vya lugha za asili za Biblia havitoki chumba cha kusomea. Penseli inaruhusiwa, kalamu ya wino hapana. Ukikutwa nayo kadi inasimamishwa miezi 3; ukirudia, inafutwa. Kumbuka pia kuwa kuanzia Zaburi ya 11 hadi ya 113 kwa hesabu ya Kiebrania, Septuaginta iko nyuma kwa namba moja. Anayetafuta "mwili uliniwekea tayari" ya Waebrania 10:5 afungue Zaburi ya 39, si ya 40. Kwenye Kiebrania atakuta masikio mahali pa mwili, na kwa hilo hatuhitaji fomu nyingine ya malalamiko.