Eti Kenya imeipita Ethiopia? Ngoja tuifuate hiyo namba ilikotoka

Kuna jamaa kwenye grupu letu la WhatsApp alituma ile picha ya bendera zimepangwa kwa utajiri, Kenya juu ya Ethiopia, afu chini akaandika "wenzetu wanakimbia sisi tumelala". Watu wakabishana mpaka saa sita usiku. Mi kazi yangu ni takwimu, hizi picha nimezizoea, ila hii ilinikera kidogo maana ukiifuata namba yenyewe unakuta hapo kilichotembea hasa ni bei ya dola.

Iko hivi. Pato la Taifa, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka, kila nchi inalipiga kwa hela yake, Kenya kwa shilingi, Ethiopia kwa birr, ukitaka kulinganisha lazima uzilete kwenye hela moja na wengi wanachukua dola. Sasa Januari 2024 dola moja Kenya ilikuwa inaenda kama shilingi 160, kufika katikati ya mwaka imeshuka hadi 129 hivi. Hapo hakuna aliyeongeza ekari wala kiwanda, ila uchumi uleule ukiusoma kwa dola ya siku hiyo umenenepa karibu robo. Ethiopia nao Julai 2024 wakaiachia birr ijipangie bei sokoni, dola ikatoka birr 57 ikavuka 100 ndani ya wiki chache, kwa hiyo kwenye makaratasi ya dola wamekonda karibu nusu na kahawa yao iko palepale shambani. Makadirio ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) ya 2025 yakatoka, Kenya juu. Na bado hujagawa kwa watu, Ethiopia wako zaidi ya milioni 100, Kenya hawafiki 60, ukigawa kwa kichwa Kenya ilishatangulia siku nyingi wala haikuwa habari.

Benki ya Dunia hili wanalijua ndo maana wakipanga nchi za kipato cha chini na cha kati wanatumia wastani wa bei ya dola ya miaka mitatu. Njia nyingine ni ya uwezo wa kununua, yaani watu wanaingia sokoni kila nchi wanauliza bei za vitu vinavyofanana, kilo ya mchele, kodi ya nyumba, kunyoa, halafu wanapiga hesabu shilingi ngapi inanunua kile ambacho dola moja inanunua Marekani. Sio jambo jipya, ulinganisho wa kwanza ulikuwa wa mwaka 1970, nchi 10 tu, na Kenya ilikuwemo. Kwa hesabu hii nchi zetu zote zinapanda kwa sababu kinyozi wa huku ni bei rahisi. Mi naipenda ukitaka kujua watu wanaishije, ila deni la nje hulipi kwa bei ya mchicha, hapo unarudi kwenye dola tu.

Ila kitu ambacho kwenye mabishano sijawahi kuona mtu anauliza ni mwaka wa kizio. Takwimu za uchumi zinajengwa juu ya picha ya mwaka mmoja, kwamba mwaka ule kilimo kilikuwa na uzito huu, biashara uzito huu, afu miaka inayofuata unaongezea juu yake. Picha ikizeeka, vitu vipya havimo. Nigeria walikaa na picha ya 1990 mpaka 2014, yaani simu za mkononi na filamu zao za Nollywood zilikuwa kama hazipo, walipohamia kizio cha 2010 Pato la Taifa likaruka asilimia 89 wakaipita Afrika Kusini kwa kalamu. Kenya Septemba 2014 waliruka asilimia 25 wakaingia kipato cha kati. Kwetu Tanzania tulihamia kizio cha 2007, baadae 2015. Kwa hiyo ukilinganisha nchi iliyohuisha juzi na yenye picha ya miaka 15 nyuma unapima mmoja na viatu mwenzie pekupeku.

Na ile Julai 2020 tulipotangazwa uchumi wa kati, mstari ulikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka, sisi tulikuwa 1,080. Dola 44. Kwa bei ya dola ya wakati ule ni kama laki moja kwa mwaka, elfu nane na kidogo kwa mwezi. Watu wakauliza mbona mfukoni sioni, we elfu nane ya wastani utaionea wapi.

Na hata hizo dola 44 ukizifuata mpaka chini kabisa unafika kwenye kaya. Zamani nilikuwa mdadisi, nazunguka na dodoso vijijini Morogoro. Chakula ambacho mkulima anakilima na kukila mwenyewe kinaingia kwenye Pato la Taifa, kupika na kulea havimo, usiniulize kwa nini leo tutakesha. Basi nimefika kwa mama mmoja, shikamoo, marahaba, namuuliza mwaka jana mmevuna mahindi kiasi gani. Gunia saba. Nikauliza gunia za kawaida au lumbesa, akacheka, "mwanangu huku kuna gunia la kawaida?" Gunia la kawaida ni kilo 100, lumbesa lile limeshonewa kilemba juu unajua mwenyewe. Afu akaniuliza, "na yale tuliyochoma yakiwa mabichi unayaandika wapi? Maana watoto wamekula mwezi mzima."

Dodoso halikuwa na sehemu hiyo. Nikaandika 7, pembeni kwa penseli nikaweka "lumbesa, na mabichi mwezi mmoja". Jioni msimamizi akakagua, akafuta yale ya penseli, akaacha 7.