Picha na Jaji Mkuu Si Cheti

"Lakini wakili, picha yake akiwa na joho iko Facebook!"

Mama aliyenijibu hivyo, nilipomwambia shemeji yake hana ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili mwaka huu, alikuwa ameniletea mkataba wa kununua shamba. Umeandikwa vizuri, muhuri upo, jina la aliyeuandaa liko chini jinsi sheria inavyotaka. Aliyeuandaa ni huyo shemeji, na alilipwa. Nikatoa simu, nikatafuta jina lile kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK. Jina lipo. Cheti cha kuhudumu cha mwaka huu, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili, hakipo. Hii ni mara ya nne nalieleza jambo hili na tuko Machi tu, kwa hivyo wacha niliandike nipumzike.

Kiapo cha uwakili peke yake hakikupi ruhusa ya kufanya kazi. Shahada, mafunzo ya uwakili Kenya School of Law pale Karen, uanagenzi wa miezi sita, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, ombi kwa Jaji Mkuu: hizo ndizo hatua za kufikia kiapo, naziruka. Siku yenyewe unaapa mbele ya Jaji Mkuu, ama unatoa tamko ikiwa imani yako haikuruhusu kuapa, na kuanzia hapo wewe ni afisa wa mahakama. Msajili anaingiza jina lako kwenye Daftari la Mawakili. Shangazi wanapiga vigelegele nje, picha zinapigwa, na ukoo mzima unaamini mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili kinataka uwe umekubaliwa kuwa wakili, jina lako liwe daftarini, na uwe na cheti cha kuhudumu kilicho hai. Hicho cheti ndicho kinachokufa kila tarehe 31 Desemba. Jina halifutwi, linalala tu. Basi shemeji ni wakili kwa kiapo, ila kwa kifungu hicho hana sifa ya kumwandikia mtu mkataba wa ardhi kwa ada. (Januari ina huruma yake: cheti kikitolewa ndani ya mwezi huo, huhesabiwa tangu tarehe 1. Wapo wanaodhani huruma hiyo inafika Juni.)

Na mkataba wenyewe? Hapa ndipo mawakili wenzangu wanapotisha watu bure: "Hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi." Kuna wakati mahakama zetu zilielekea huko kweli. Lakini 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing, mkopaji alitaka kuikana hati ya rehani kwa kuwa wakili aliyeiandaa hakuwa na cheti. Mahakama ya Juu ikakataa. Hati haibatiliki kwa sababu hiyo pekee. Kosa ni la wakili, na mteja asibebeshwe.

Uamuzi ule hunifariji asubuhi na kunikera jioni. Unamlinda mama huyu, lakini shemeji naye anausoma na kulala usingizi mzuri. Tena ulihusu rehani. Ukija kwenye karatasi zilizowasilishwa mahakamani na wakili asiye na cheti, sitakuapia jaji atasema nini, na kesi ya mteja wangu siipeleki huko kupima upepo.

Mama akauliza atajuaje siku nyingine. Nikamwambia atafute jina kamili kwenye tovuti ya LSK kabla hajatoa hata shilingi. Akanitazama, akatoa simu yake mkobani, akaniuliza jina langu la tatu linaandikwaje.