Transifa na oili yake

Muulize mtu pale Chake Chake, Pemba, kama gari lake limemwagwa oili, atakwambia ndiyo, juzi tu. Muulize tena, "Ipi, yakhe?" Atakutazama. Kwetu "kumwaga oili" ni ya injini basi, wakati gari la fowili (linaloendeshwa kwa tairi zote nne) lina nyengine: ya gia boksi, ya transifa, na za difu mbili, yale masanduku ya gia katikati ya ekseli. Hapa nasema ya gia boksi na ya transifa tu.

Transifa ni sanduku la chuma lililo nyuma ya gia boksi. Gia boksi inapokea mzunguko wa injini. Transifa inaugawa, propela moja (fimbo ndefu ya kupeleka mzunguko kwenye tairi) inakwenda nyuma na nyengine mbele. Ule mkono wenye 2H (tairi mbili), 4H (tairi nne) na 4L (tairi nne kwa mwendo mdogo wa nguvu) ni wake. RAV4 nyingi wanazokodishwa watalii Unguja hazina mkono huo, kwa hivyo usiutafute.

Kwa kuwa masanduku haya yamefungwa pamoja, wengi hudhani yanakunywa chungu kimoja. Kwenye magari mengi ya fowili ya gia za mkono, kila moja lina oili yake na nati zake, na katikati pana sili, pete ya kuzuia oili isipite. Sili hiyo ikichoka, oili huhama: huku imepungua, kule imejaa kupita kiasi, na nje hakuna hata tone.

Oili yenyewe ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Kwenye kopo tazama 75W-90, ndio uzito wake, kisha GL-4 au GL-5, ndio aina yake. Usidhani 5 ni bora kuliko 4. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya kukinga meno ya difu, na baadhi ya dawa hizo hula pete za shaba ndani ya gia boksi, zile zinazofanya gia iingie bila kukwaruza. Gia boksi ya otomatiki hutaka ATF, oili maalumu ya otomatiki, na zipo transifa zinazotaka ATF vile vile. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi, ingawa cha kwetu mara nyingi kimekuja kutoka Japani na kimeandikwa Kijapani.

Imwagwe lini? Wengi husema kila kilomita 40,000. Lakini Pemba nzima kwa urefu haifiki kilomita 70. Gari la hapa linaweza kukaa miaka mingi kabla ya kufikia hesabu hiyo. Mimi naona visiwani tuhesabu maji kabla ya kilomita. Ukitoka Konde kwenda Makangale wakati wa masika, sanduku limepata moto, halafu unaingia dimbwini. Chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, na kama kitundu cha kupumulia kimezibwa na tope, sanduku litavuta maji kupitia sili. Anayeshuka ufukweni kupakia samaki anavuta ya chumvi. Ukifungua ukaona oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Imwage siku hiyo hiyo, hata kama uliibadilisha mwezi uliopita.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri husahau. Fungua nati ya juu, ya kujazia, kabla ya ile ya chini, ya kumwagia. Chumvi ya huku hushika nati kama saruji. Ukishamwaga yote halafu nati ya juu ikakataa, gari limekufa hapo lilipo, na wewe uko chini yake na spana mkononi.

Liendeshe kidogo kwanza ili oili ipate moto iteremke vizuri, kisha lisimamishe pahala palipo sawa. Likiinama kipimo kitakudanganya. Kinga kwa dumu lililokatwa. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku: uji wa kijivu, laini kama wanja, ni uchakavu wa kawaida, ufute. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia au beringi, na hapo oili mpya haitatibu kitu.

Kujaza ni kwa pampu ya mkono, au mpira mrefu unaoteremshwa kutoka juu kwenye boneti, mwenzako akimimina polepole. Jaza mpaka oili ianze kurudi kwenye mdomo wa tundu. Subiri iache kuchuruzika, funga nati kwa washa (pete ya kuzibia) mpya, uhamie sanduku la pili.